Samaki wa mapambo: Upole kwanza, rangi baadaye

Katika baadhi ya hoteli, benki na zahanati za mijini limeingia pambo ambalo zamani wengi waliliona kwenye sinema tu: tangi la kioo lenye mimea ya kijani na samaki wa rangi. Pambo hilo limezaa biashara. Wapo mafundi wa kuunda matangi, wapo wauza chakula na pampu, na wapo wafugaji wadogo wanaozalisha samaki nyuma ya nyumba zao. Ni biashara halali na yenye nafasi ya kukua, lakini inasumbuliwa na ugonjwa mmoja unaojulikana kwa kila aliyewahi kuifanya. Tangi lililotiwa samaki 20 siku ya kwanza, miezi mitatu baadaye lina samaki wachache wakubwa wanaoviziana, na mimea iliyonunuliwa kwa fedha inaelea juu ya maji, mizizi nje.

Mwenye tangi hulaumu maji. Muuzaji naye, ili asidaiwe kurudisha fedha, hulaumu maji vile vile. Ukweli ni kwamba mara nyingi maji hayana kosa. Kosa lilifanyika dukani, pale mteja alipoonyesha kidole kwenye rangi ya bluu na muuzaji akamtia samaki kwenye mfuko bila kuuliza anakwenda kuishi na nani.

Hesabu yake ni rahisi. Aliyenunua samaki 20 akabakiwa na 8 amelipa kwa kila mmoja wa hao 8 mara mbili na nusu ya bei aliyotajiwa. Hapo hajahesabu chakula walichokula wale 12 kabla ya kufa, wala umeme wa pampu. Mteja wa namna hiyo harudi dukani. Mbaya zaidi, tangi lake tupu hubaki sebuleni likiwaambia wageni kuwa kufuga samaki wa mapambo ni kupoteza fedha.

Suala hili linawahusu zaidi samaki wa jamii ya siklidi. Jina laweza kuonekana geni, lakini samaki wenyewe si wageni kwa mfugaji wa Tanzania, kwani sato na perege ni wa jamii hiyo hiyo. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zipatazo 240 za siklidi, karibu zote zisizopatikana penginepo duniani, na Ziwa Nyasa lina mamia zaidi. Mbelgiji Pierre Brichard alianza kuwasafirisha kutoka Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiwazalisha katika matangi yao vizazi kwa vizazi. Inashangaza kidogo kwamba mkazi wa Tabora anaweza kumkuta dukani samaki wa dhahabu, mwenye asili ya China, kabla hajakutana na samaki wa Kigoma.

Ipo sababu nyingine ya kuwatazama samaki hawa, nayo ni maji. Visima vingi hutoa maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi na birika huota ganda jeupe ndani. Anayefuga samaki wenye asili ya mto Amazon hulazimika kuyalainisha maji hayo kwa gharama. Siklidi wa Tanganyika wanayataka yalivyo. Maji ya ziwa lao yana pH ya kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na ugumu wa karibu miligramu 200 kwa lita ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Joto lake kwa juu ni nyuzi 24 hadi 28, kiasi ambacho katika mikoa mingi hakihitaji hita.

Hapa panahitajika tahadhari. Maji magumu na maji ya chumvi si kitu kimoja. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi ya mezani nyingi iliyopenya kutoka baharini, na chumvi hiyo si kalsiamu wala magnesiamu. Sabuni nayo hudanganya hapa, kwa kuwa hata maji ya chumvi hulikataa povu. Katika maeneo kadhaa yanayozunguka Mlima Meru hali ni ya namna nyingine tena: maji yana magadi na pH ya juu, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Mfugaji hana budi kuyapima, ama kwa vipimo vya matone vinavyouzwa na wauza vifaa vya matangi, ama kwa kupeleka chupa ya maji katika maabara ya maji ya mkoa. Kupima mara moja kabla ya kununua samaki ni nafuu kuliko kubahatisha mwaka mzima. Aliye na maji laini anaweza kuyaongezea ugumu kwa kutia ndani ya chujio mawe ya chokaa au makombe ya pwani yaliyopondwa. Asiende kuvunja matumbawe baharini, maana hayo ni mazalia ya samaki wa wenzake.

Baada ya maji ndipo linakuja swali lenyewe: ni siklidi yupi aliye mpole?

Jibu la haki ni kwamba katika jamii hii hakuna malaika. Karibu kila siklidi huzaa kwa kujitwalia eneo na kulilinda dhidi ya yeyote anayeweza kula mayai au vifaranga vyake. Upole wake unategemea kama eneo analolitaka limeshakaliwa na mwingine. Mkulima anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Majirani wawili wanaweza kuwa watu wema kabisa na bado wakafikishana barazani kwa sababu mpaka wa shamba hauna alama. Samaki wawili wanaotaka pango lile lile watapigana, hata kama duka limewaandika wote wawili kuwa wapole. Samaki watano wanaotaka sehemu tano tofauti watakaa pamoja miaka.

Kwa mantiki hiyo, tangi la jumuiya hupangwa kama kiwanja kinavyogawanywa. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50. Hilo ni la lita 300 likijaa, na maji peke yake yana uzito wa kilo 300 kabla ya kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo meza ya sebuleni haifai. Panahitajika stendi ya chuma au ya tofali. Tangi hilo lina sehemu nne za kugawa: maji ya wazi juu, mchanga mbele, mawe upande mmoja na mimea nyuma.

Maji ya wazi ni ya Cyprichromis leptosoma. Huyu ni samaki mwembamba wa sentimita 10 hivi, anayetembea kwa makundi na kula vijidudu vinavyoelea. Madume hujionyesha mapezi na mikia ya bluu au njano, lakini ugomvi wao hauendi mbali. Wauzwe si chini ya 10, majike yakiwa mengi kuliko madume. Aliyeuziwa wawili ameuziwa samaki watakaojificha hadi wafe. Jike hutunza mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, kama sato afanyavyo, na hutoa vifaranga vichache, mara nyingi visivyozidi 20. Kasoro yake moja ni kuruka. Tangi la Cyprichromis lisilo na kifuniko hupoteza samaki usiku, na asubuhi paka ndiye anayejua walikokwenda.

Mchanga wa mbele ni wa Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa siklidi wadogo kabisa duniani. Dume hufikia sentimita 4 au zaidi kidogo, jike ni dogo zaidi. Ziwani anaishi ndani ya magamba matupu ya konokono, na kila gamba ni nyumba ya mtu. Magamba ya konokono wa nchi kavu, yakichemshwa na kusuguliwa, yanamfaa vile vile. Wawekwe sita wenye magamba 15 au zaidi, na baada ya miezi michache watakuwa ukoo mzima wa babu, baba na wajukuu uliotulia pembeni mwa tangi bila kumsumbua anayepita juu. Kwa mfugaji anayetaka kuanza kuzalisha na kuuza, huyu ndiye wa kuanza naye. Hahitaji bwawa, hahitaji homoni, na hali vifaranga vyake. Ila anachimba. Mchanga ulio karibu na magamba atauhamisha punje kwa punje, na mche uliopandwa hapo utang'oka.

Kwenye mawe anakaa Julidochromis, aidha ornatus au transcriptus, mwenye mistari na umbo la mti wa kalamu. Anataka nyufa nyembamba, na anataka awe na mwenzi mmoja. Njia ya kuwapata ni kununua vifaranga sita, kuwaacha wachaguane, kisha kuwaondoa waliobaki. Wenye uzoefu wanajua onyo jingine: jozi ikishatulia, mawe yasiguswe. Mwenye tangi anayepanga upya mawe ili papendeze kwa ajili ya Krismasi au Idi huwavunjia hawa ndoa yao, na si ajabu siku mbili baadaye mmoja kumuua mwenziwe.

Wa nne ni Altolamprologus calvus, samaki bapa kama ubao, mwenye mdomo uliochongoka na sura ya mzee aliyekasirika. Sura hiyo inapotosha. Kwa samaki asiyeenea mdomoni mwake hana habari naye, na akifukuzwa hujipinda tu akamwonyesha adui magamba yake magumu. Vifaranga vya wengine atavila, jambo ambalo katika tangi la jumuiya ni msaada kwa sababu huzuia msongamano. Kiuchumi ana tatizo: hukua polepole mno, na mfugaji anaweza kumlisha zaidi ya mwaka kabla ya kumfikisha kwenye ukubwa wa kuuza. Bei yake ya juu inatokana na subira hiyo, na mfanyabiashara asimcheke anayemtoza.

Wateja wengi hutaka samaki wa njano. Wapo wawili wanaochanganywa madukani. Mmoja ni Neolamprologus leleupi wa Tanganyika, ambaye huwekwa mmoja au jozi tu, kwani humvumilia kila mtu isipokuwa wa aina yake. Mwingine ni Labidochromis caeruleus wa Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, mwenye pezi la mgongoni lenye ukingo mweusi. Huyo ni wa kundi la samaki wa miamba ambao huko huitwa mbuna, watu wanaojulikana kwa ukorofi na kwa kutafuna majani, lakini yeye ameikimbia tabia ya ndugu zake kwa sehemu kubwa. Anayetaka tangi la Nyasa lenye mimea aanze na huyo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halimhusu samaki mkorofi. Linamhusu aliye mpole leo na kesho akabadilika. Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la Brichard aliyetajwa hapo juu, ni samaki mwenye mapezi marefu kama vitambaa na madaha ya bibi harusi. Muuzaji akisema ni mpole hadanganyi. Kwa miezi kadhaa atakuwa mpole kweli. Kisha jozi moja itazaa, na watoto wa uzao wa kwanza hawataondoka. Watabaki nyumbani wakiwasaidia wazazi kulinda uzao wa pili, na wa pili wakilinda wa tatu. Familia hiyo inayosaidiana, ambayo wanasayansi wameitafiti kwa miaka mingi kwa kuistaajabia, hutanua mipaka kila mwezi hadi majirani wote wabanwe kwenye kona moja chini ya kifuniko. Aliyewaona wakiwa sita wadogo dukani hawezi kuamini. Samaki huyu ni bora sana kwa tangi lake peke yake, na ni rahisi kuzalisha. Kwenye tangi la jumuiya asiuzwe.

Wengine wa kukataliwa ni Tropheus, mla mwani wa Kigoma mwenye rangi za kuvutia kuliko wote, kwa sababu anataka kundi kubwa la aina yake, hupigana bila kuchoka, na akilishwa chakula kizito huvimba tumbo na kufa. Pamoja na Cyphotilapia, yule mwenye nundu kichwani, ambaye ni mtulivu kwelikweli lakini hufikia sentimita 30 na usiku humeza wadogo waliolala. Huo ni upole wa tembo katika bustani ya mchicha. Sato na perege nao wabaki bwawani. Mimea kwao ni mboga.

Kuhusu mimea, si kila inayouzwa inastahimili maji magumu. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, inaota ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe, na hivyo pia seratofilamu inayoelea bila mizizi. Mimea hii miwili ina uwezo wa kutumia bikaboneti iliyomo katika maji magumu, kwa hiyo haimlazimishi mwenye tangi kununua mitungi ya gesi ya kaboni. Anubiasi, wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, hukua taratibu, lakini majani yake ni magumu na samaki wengi humwacha. Afungwe kwa uzi juu ya jiwe, asizikwe mchangani. Valisneria ipandwe nyuma na kuzungushiwa mawe makubwa kuzuia wachimbaji. Mimea mingine ya kuvutia, hasa ile myekundu, ni fedha ya kutupa katika maji ya namna hii.

Jambo moja la kitaalamu halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa linaua samaki wengi kuliko mapigano. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia. Katika maji yenye pH 7, sehemu ya amonia hiyo iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH 9, kwa joto la nyuzi 25, inazidi asilimia 30. Maana yake ni kwamba uchafu ule ule ambao tangi la maji laini lingeustahimili, katika tangi la Tanganyika ni sumu. Tangi jipya liwekwe maji, mimea na chujio linalofanya kazi kwa wiki nne hadi sita, likianzishwa na samaki wachache sana, ndipo wengine waongezwe kidogo kidogo. Muuzaji anayemuuzia mteja tangi na samaki 25 siku hiyo hiyo anajua kitakachotokea, au alipaswa kujua. Maji yabadilishwe robo kila wiki, na samaki wapewe chakula wanachokimaliza kwa dakika mbili. Umeme ukikatika usiku hali huwa mbaya maradufu, kwani mimea nayo gizani huvuta oksijeni. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha lazima.

Kwa wafugaji, hoja ya upole ina uzito mwingine. Siklidi wengi wanaouzwa bei kubwa huvuliwa na wapiga mbizi ziwani. Samaki aliyetolewa kina kirefu hupanuka kibofu cha hewa akipandishwa haraka, hivyo hulazimika kupandishwa kwa vituo, na baada ya hapo bado kuna safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam akiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye oksijeni. Kila anayekufa njiani huongeza bei ya anayefika, na baadhi ya aina huishi katika kipande kimoja tu cha pwani ya mawe, kwa hiyo haichukui wavuvi wengi kuzimaliza. Aina pole zilizotajwa hapa, hasa wale wa kwenye magamba, huzaliana ndani ya tangi la kioo au karo la saruji lililo kivulini. Mfugaji aliyezoea mabwawa ya sato anajua tayari kupima maji, kutenganisha ukubwa na kulisha vifaranga. Kinachobaki ni kupata mbegu bora kwa muuzaji mwenye leseni ya uvuvi, kutochanganya aina zinazoweza kuzaa machotara, na kuandika kumbukumbu za kila uzao.

Kwa upande wa maduka, lipo jambo dogo linaloweza kuanza wiki hii. Kila mfuko wa samaki utoke na kadi yenye mistari minne: ukubwa atakaofikia, sehemu ya tangi anayoitaka, idadi anayopaswa kukaa nayo, na asiyepaswa kukaa naye. Duka pia litangaze kuwa linapokea vifaranga vya ziada kwa kubadilishana na chakula cha samaki. Mwenye brichardi 80 asiyejua pa kuwapeleka huishia kuwamwaga mtoni au kwenye bwawa la jirani, na Kanda ya Ziwa inajua samaki mgeni anaweza kufanya nini, tangu sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Dukani, vifaranga hao 80 ni bidhaa ambayo muuzaji hakuilipia nauli kutoka Kigoma.